Gramu 400 za mboga na matunda kwa siku: Mtwara na Lindi tunaweza bila tufaa la dukani

MpikaTembele (Mtwara)

Wakuu salaam, mlioko Kusini na mlioko ugenini.

Mimi nauza chakula Mtwara mjini, upande wa Chuno. Ugali, wali, samaki, maharage, na pembeni kijiko cha mboga ya majani ambacho kila mteja anakiona haki yake na hakuna anayekilipia. Hivi karibuni nilikipeleka kijiko hicho kwenye mzani wa dukani kwa jirani. Gramu 40 na kidogo. Nikapima na vya wenzangu wa mtaani: yuko aliyegonga 50, yuko ambaye hata 30 hakufika.

Sasa Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na humo viazi, muhogo na magimbi havihesabiwi. Ming'oko, vile viazi pori vyetu, nayo haimo, msijidanganye. Gramu hizo ni mafungu matano ya gramu 80. Mtoto wa miaka miwili hadi mitano anatakiwa apate angalau 250, wa sita hadi tisa 350. Kwa hiyo kijiko changu ni nusu fungu. Mteja anayekula kwangu mchana na usiku akala kwa jirani analala hajafika hata robo, na ukimuuliza atakuapia kwamba mboga anakula kila siku. Wala hasemi uongo.

Hili si la Kusini peke yake. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi nchini hawafikishi mafungu matano. Na madhara yake hayapigi hodi. Ni presha, ni moyo, ni choo kigumu ambacho mtu anakizoea mpaka anakiona cha kawaida, ni damu pungufu kwa mama mjamzito.

Kinachoniudhi ni maneno ninayoyasikia kwenye benchi langu kila mchana. Matunda ni ya wenye hela. Mboga Mtwara ghali. Tunda ni tufaa na zabibu. Nakataa. Huku kwetu mboga na matunda vipo mwaka mzima, ila havipo vilevile mwaka mzima. Ukishikilia mchicha na chungwa kuanzia Januari mpaka Desemba utafilisika. Ukifuata kalenda ya shamba utakula mpaka usaze.

Mvua ikishashika, Desemba mpaka Aprili au Mei, majani hayana mwenyewe. Majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, mlenda, mnavu, mchunga, mchicha uliojiotea. Na huu ndio wakati ambao nyumba nyingi ghala limeisha na mahindi mapya hayajakomaa. Unga wa kuhangaikia, mboga unaikanyaga njiani.

Kuanzia Juni mambo yanageuka. Ardhi inakauka, bustani zinabaki mabondeni: kando ya Ruvuma kule Kitaya, bonde la Lukuledi, Ng'apa pale Lindi, Ndanda kwenye chemchemi. Mchicha unaingia mjini umepanda pikipiki na bei imepanda pamoja nao. Hapo ndipo watu wengi wanaacha kabisa mboga, wanabaki na dagaa. Lakini miezi hiyohiyo kisamvu kipo, kwa sababu muhogo hauogopi kiangazi. Mbaazi mbichi za kumenya zipo. Machungwa ndiyo kwanza yanashuka bei. Papai halina habari na msimu. Ukwaju na ubuyu vinakauka mtini vyenyewe vinasubiri mtu.

Halafu inakuja Oktoba. Hela ya korosho inaanza kuingia, maembe yanaanza kuiva, na chini ya kila mkorosho mabibo yanaoza.

Hapo kwenye mabibo niruhusuni nikae kidogo. Bibo lina uzito mara tano hadi kumi wa korosho yake. Maana yake kila kilo ya korosho inayopelekwa ghalani imeacha kilo tano hadi kumi za tunda shambani. Na si tunda la mchezo. Gramu 100 za chungwa zina vitamini C kama miligramu 50. Gramu 100 za bibo zinavuka 200. Tufaa ambalo watu wanalitamani dukani, limefungwa kibandiko, halifiki hata miligramu 10. Mkoa mzima unatembea juu ya vitamini halafu mgeni akija tunamnunulia soda.

Najua mtasema bibo lina ukakasi, linakaba koo na kutia doa nguoni. Kweli. Ukakasi huo unatolewa. Osha mabibo, kamua, chuja kwa kitambaa. Pika uji mwepesi kabisa wa unga wa mchele, uache upoe, mimina kidogo kwenye juisi, koroga, acha itulie. Utaona juisi inakatika, kitu kama mabonge ya weupe kinajikusanya na kuzama chini. Ile juisi safi inayobaki juu ndiyo unayoimimina, na koo halitakaba. Ukitaka kula lenyewe bila kukamua, lipitishe kwenye mvuke dakika chache au likate vipande ulilaze kwenye maji ya chumvi kidogo. Kituo cha utafiti cha Naliendele, hapohapo Mtwara, kimekuwa kikifundisha vikundi kutengeneza juisi na jemu za mabibo, kwa hiyo si jambo la kubahatisha jikoni. Shida moja tu: bibo likidondoka leo, kesho limeharibika. Ni la kuokota asubuhi na kulishughulikia siku ileile.

Kwa watakaouliza gramu 400 zinaonekanaje mezani: chungwa moja ni fungu, ndizi mbivu moja ni fungu, nusu ya embe kubwa ni fungu, kipande cha papai cha kujaa kiganja ni fungu. Mboga iliyopikwa, vijiko vitatu vya kulia vilivyojaa ni fungu. Papai asubuhi, kisamvu vijiko sita mchana, chungwa jioni, kachumbari ya maana na chakula cha usiku. Umemaliza.

Mimi nimeanza kuuza bakuli zima la mboga kwa shilingi 500. Wanaume wamecheka, wanawake wamenunua. Karibuni mnikosoe.

MzeeWaKitangari

Mwanangu umeandika vizuri lakini umeandika kutoka Chuno, ambako unafungua bomba. Panda huku juu uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba. Mchanga mtupu, mvua ikinyesha inazama yote, mto hakuna, kijito hakuna. Mama zetu walikuwa wanashuka bondeni usiku kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Leo tuna maji ya Mitema yanayosukumwa kwa mitambo, siku yakikatika unarudi kwenye kisima cha maji ya mvua ulichochimba uani, kama umejaliwa kuwa nacho. Kiangazi ndoo tunanunua. Sasa niambie, ndoo ya kununua nimwagilie mchicha?

MpikaTembele

Mzee shikamoo. Hapana, usimwagilie mchicha. Hoja yangu ndiyo hiyo: huko juu kiangazi mchicha si chakula chenu, msilazimishe. Chakula chenu ni kisamvu, mbaazi, papai na mabibo, vitu ambavyo mizizi yake inajitafutia.

Ila kuna maji ambayo mnayamwaga hata huko. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kunawa mikono kabla ya kula. Chukua kiroba kikubwa, weka udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na katikati usimamishe nguzo ya kokoto kutoka chini mpaka juu ili maji yafike kitako cha kiroba. Toboa matundu ubavuni, chomeka vipando vya tembele, juu panda nyanya chungu. Maji hayo ya jikoni yanakitosha kiroba hicho. Yenye sabuni nyingi peleka kwenye mti mwingine.

MzeeWaKitangari

Marahaba. La kokoto katikati nimelipenda, maana kiroba alichotengeneza binti yangu kililowa juu tu, chini vumbi.

BiboBichi

Mleta uzi umenisingizia. Mimi mabibo nayathamini sana, tena msimu mzima nakula. Nayala yakiwa kwenye kidumu. Uraka unahesabika kwenye hizo gramu 400 au mnatubagua?

Nesi_wa_Lindi

BiboBichi, hauhesabiki, na nipa, ile gongo ya mabibo, ndiyo kabisa usiitaje. Uraka ni pombe, nyuzinyuzi za tunda zimeachwa kwenye makapi. Ungekula mabibo mawili asubuhi kabla hujakamua hayo mengine, hapo tungeelewana.

Mleta uzi, pongezi. Naomba niongeze mambo ya jikoni, kwa sababu kliniki nawaona akina mama ambao mboga wanakula na bado damu iko chini.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani ni magumu kwa mwili kuyachukua, tofauti na ya kwenye nyama na samaki. Vitamini C ndiyo inayoyafungulia mlango. Kwa hiyo kisamvu ukikila na kachumbari iliyokamuliwa ndimu, au ukamalizia na chungwa, pera au embe mlo uleule, mwili unafaidi zaidi. Chai ya rangi inafanya kinyume. Ile tabia ya kushushia ugali na kikombe cha chai, isogezeni mbele angalau saa moja.

Pili, magadi. Huku kwetu kisamvu bila magadi wengine wanaona hakijapikwa. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini C na baadhi ya vitamini B. Twanga vizuri zaidi uache magadi.

Tatu, vitamini A ya majani ya kijani na ya papai au embe inahitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini. Tui la nazi linatosha, karanga zilizosagwa zinatosha, korosho zilizovunjika zinatosha. Nimesema kidogo. Si nazi tatu kwenye sufuria ya watu wanne mpaka mafuta yanaelea.

Nne, osheni mboga kabla ya kukata. Ukikata kwanza ukaosha, vitamini inaondoka na maji. Na mchicha hauhitaji kuchemshwa halafu maji yakamwagwa. Utie kwenye sufuria, ugeuze, uepue ungali kijani.

Mwera_Halisi

Nesi, hilo la kuepua haraka lisije likasomwa na mtu akalifanya kwenye kisamvu. Kisamvu kina sumu ya sianidi, kama muhogo wenyewe, na aina chungu zina nyingi zaidi. Kinatwangwa kisawasawa, na kule kutwanga ndiko kunakoanza kuifukuza sumu, halafu kinachemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi ili mvuke uondoke nayo. Mkoa wa Mtwara umewahi kupata wagonjwa wa konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri, watu wakiwa hawana chakula kingine. Kwa hiyo kisamvu ni kizuri, lakini si mboga ya haraka haraka.

Nesi_wa_Lindi

Sahihi kabisa. Asante kwa kuliweka wazi.

Mpuliziaji84

Mimi nina jambo ambalo sijaona mtu amegusa. Kuanzia Juni mpaka Septemba tunapuliza mikorosho. Salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, halafu dawa za maji kwa ajili ya mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza mti. Mashine ikiwaka, ule unga haukai kwenye mkorosho wako tu. Unatembea. Nimekuta akina mama wanachuma kisamvu na majani mengine kwenye ukingo wa shamba, siku ileile tuliyopuliza, majani yamepauka unga.

Salfa yenyewe inawasha macho na koo, unaiona, ukiosha inatoka. Hizi dawa za maji ndizo mbaya kwa sababu huzioni. Kila dawa ina siku zake za kusubiri zimeandikwa kwenye chupa. Ukipuliza, mwambie jirani. Na kama una kisamvu au bustani karibu na mikorosho, vuna mapema kabla mashine haijapita. Na zile chupa tupu, jamani, msiwekee juisi ya mabibo.

MpikaTembele

Mpuliziaji, hii ilipaswa kuwa kwenye uzi wenyewe. Mimi mboga nikiletewa miezi ile huwa namuuliza mchumaji ametoka upande gani kabla sijamuuliza bei. Akianza kuzungukazunguka sinunui.

KidumeChaMasasi

Mnatuchosha na majani. Mwanaume amelima toka alfajiri, unamwekea vijiko sita vya tembele? Sisi tunakula ugali na kitoweo, matunda ni ya watoto na wagonjwa. Babu yangu hakuhesabu gramu na alizikwa ana miaka mingi.

MamaSalma_Mikindani

Kaka yangu, babu yako alikula mlenda asubuhi na jioni, alikula matunda pori njiani akienda shamba, alitembea kwa miguu, na sukari aliiona sikukuu. Wewe unaenda shamba na pikipiki na soda ya baridi kwenye mfuko. Usijifananishe na marehemu.

Halafu nikwambie kwa nini mboga ni kidogo majumbani. Anayechuma ni mwanamke, anayetwanga ni mwanamke, anayekesha na sufuria ya kisamvu ni mwanamke, na huyohuyo ametoka palizi. Jioni amechoka, atachuma kinachotosha kuonekana kwenye sahani. Kisamvu cha watu sita ni kutwanga mpaka mabega yawake moto. Mkitaka gramu 400, shikeni mchi. Kwangu mwanangu wa kiume ana miaka kumi na minne anatwanga kila Jumamosi, tunachemsha kingi, tunakula siku mbili, na hajapungukiwa kitu.

KidumeChaMasasi

Dada umenichapa. Lakini mchi sishiki, nitanunua kilichotwangwa sokoni.

MamaSalma_Mikindani

Nunua basi, ila nunua. Na ukifika nyumbani kipike mara moja, kilichotwangwa hakisubiri.

Mtoto_wa_Nachingwea (Dar)

Nawasoma kutoka Dar. Mama yangu yuko nyumbani Nachingwea, ana kisukari. Majirani wamemwambia asiguse embe wala ndizi, papai ale jani lake tu. Sasa hali matunda kabisa, anakunywa juisi ya ukwaju kwa sababu ni chachu, eti chachu haina sukari. Nimepiga simu mpaka nimechoka. Wataalamu mnasemaje?

Nesi_wa_Lindi

Mwambie ukwaju una sukari yake, na kama anautia sukari ya dukani ndiyo basi tena. Uchachu wa kinywani hausemi kitu kuhusu sukari ya kwenye damu.

Mwenye kisukari anakula matunda. Anachoangalia ni kiasi na namna. Ale tunda zima, asilinywe, kwa sababu ukilikamua nyuzinyuzi zinabaki na sukari inaingia kwa kasi. Chungwa moja zima analitafuna taratibu. Glasi ya juisi inakula machungwa matatu au manne kwa mpigo. Fungu moja kwa wakati mmoja, ale pamoja na mlo, na yagawanyike kwenye siku. Embe bivu lililolegea anaweza kupata kipande, si embe mbili kwa sababu msimu umefika. Mboga za majani ndizo ale kwa wingi bila hofu, zinamsaidia kutopakua ugali mwingi. Vipimo vyake na dawa zake ni vya daktari wake, na kama ameambiwa figo zina tatizo, hapo aulize kwanza kabla ya kuongeza chochote, maana mboga na matunda yana potasiamu nyingi.

Na hili ni kwa wote, si wagonjwa tu. Sukari iliyomo kwenye juisi Shirika la Afya Duniani linaihesabu pamoja na ile unayotia kwenye chai. Kiwango wanachopendelea kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai kwa siku, na juu kabisa visizidi kumi na viwili. Ule ubuyu mwekundu wa kufungwa kwenye nailoni nao ni pipi. Ubuyu mweupe wenyewe ndio wenye vitamini C.

BiboBichi

Kwa hiyo na juisi ya mabibo ya mleta uzi imepigwa marufuku? Nimefurahi. Tumekuwa sawa.

MpikaTembele

Haijapigwa marufuku, glasi ndogo na bila sukari. Ila nakubali, kula bibo lenyewe ni bora kuliko kulikamua. Juisi ni ya kuokoa yale ambayo yangeoza. Mtu mwenye mikorosho hamsini hawezi kuyatafuna yote.

Mama_Mtama

Mimi niko bonde la Lukuledi, mboga kwetu si shida. Swali langu ni kuhusu kukausha. Machi majani ya kunde yanatuzidi, tunaanika juu ya bati mpaka yanakuwa meusi, tunahifadhi kwa ajili ya Septemba. Mjukuu wangu anayesoma ananiambia eti nakausha vitamini yote. Ni kweli au anajifanya msomi?

Mwera_Halisi

Mama shikamoo. Mjukuu yuko sahihi, ingawa si yote. Jua kali la moja kwa moja linaharibu vitamini A, na vitamini C nyingi inaondoka kwa vyovyote vile. Madini na nyuzinyuzi vinabaki, kwa hiyo mboga kavu si makapi. Cha kufanya, chovya majani kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi tu, yatoe, yachuje, halafu yaanike kivulini penye upepo, juu ya chekecheke au mkeka ulioinuliwa, na kitambaa chepesi juu kwa ajili ya nzi na vumbi. Yakikauka vizuri yanabaki kijani kilichopauka. Yakiwa meusi ujue jua limeyala. Yahifadhi pakavu, pasipopitisha mwanga. Na Septemba ukiyapika, weka karanga, halafu ule na chungwa, ile vitamini C iliyopotea utaipata hapo.

Mama_Mtama

Marahaba. Kivuli ninacho, mwembe upo. Nitajaribu kunde za mwaka huu, lakini mjukuu simwambii kwamba kashinda.

FundiMbao_Mtwara

Mimi ndiyo nimeambiwa niongeze mboga kwa sababu ya presha. Nakula kwa mleta uzi mara nyingi. Bakuli la 500 naliona sawa, ila matunda nyumbani ndiyo kazi. Nina kiwanja kidogo, nikaotesha mapapai mawili kutoka kwenye mbegu za papai tamu sana nililonunua sokoni. Yamekuwa marefu kuliko mimi, maua yananing'inia kama shanga, tunda hata moja hakuna. Nikate au nisubiri?

MpikaTembele

Fundi, pole. Maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu ni ya dume. Jike maua yake ni makubwa, yamekaa karibu kabisa na shina. Utasubiri mpaka uzeeke.

Mbegu ya papai haikuambii jinsia mpaka itoe ua. Ndiyo maana kwenye shimo moja unaotesha miche mitatu, ikishachanua unabakiza jike. Dume moja linatosha majike kama kumi, kwa hiyo kama jirani analo, na wewe huna haja nalo. Shimo liwe na samadi, lisiwe mahali maji yanatuama, mizizi ya papai inaoza haraka. Ukiotesha na mvua hizi, mwakani msimu kama huu unaweza kuwa unakula.

FundiMbao_Mtwara

Mawili yote madume? Na kama dume moja linatosha majike kumi, basi nibakize moja, jingine nikate?

MpikaTembele

Bakiza moja kama hapo mtaani hakuna jingine. La pili kata, chimba hapohapo pembeni mashimo mawili, weka miche mitatu mitatu. Miche mimi ninayo nyuma ya jiko kwenye makopo, njoo uchukue sita. Njoo na makopo yako, yangu nayataka.

FundiMbao_Mtwara

Nakuja kesho mchana nikija kula. Bakuli liwe la kisamvu, tembele nimelichoka.